Siku Mlezi Mkuu Alipoingia Duarani

Ipo nchi inaitwa Heriyetu. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana serikali yake ilikataa kuchorwa, ikisema mchoraji ameipa mipaka myembamba isiyolingana na hadhi yake. Ni nchi ya amani. Neno hilo limeandikwa kwenye sarafu, kwenye magari ya polisi na juu ya lango la gereza kuu, ili kila anayeingia ajue anaingia wapi.

Katika nchi hiyo aliishi mama mmoja, Mwanamvua Shemdoe, mkaguzi mwandamizi wa Bodi ya Filamu na Vitabu. Kazi yake ilikuwa kutazama kila filamu iliyoingia kutoka nje na kusoma kila kitabu cha hadithi, kisha kuondoa kila mahali ambapo mtu anampiga mtu. Serikali haikutaka wananchi wafundishwe ukatili. Kwa hiyo katika sinema za Heriyetu shujaa alinyanyua upanga, na papo hapo akaonekana yuko harusini, anakula pilau. Adui hakuonekana tena. Watu walizoea, wakaamini kwamba huko ng'ambo kuna ugonjwa wa moyo unaowapata wabaya kwa ghafla. Wakitoka nje, polisi waliwapitishia virungu kidogo kwa kosa la kusimama wengi mahali pamoja, nao wakarudi majumbani kwao bila kufundishwa ukatili.

Mwanamvua mwenyewe alikuwa mpole, mwenye miwani ya kamba na sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Alitazama vichwa vikiruka huku akifuma vitambaa vya makochi. Mumewe, Hiza, alikuwa kinyozi mwenye kibanda karibu na soko la ndizi, mkono wake mwepesi na mdomo wake mwepesi zaidi. Jioni mume alimwuliza mkewe, "Leo wamekufa wangapi?" Naye akajibu, "Wachache tu, ilikuwa filamu ya mapenzi." Wakala, wakalala.

Mambo yakaenda hivyo mpaka Mlezi Mkuu aliposafiri.

Mlezi Mkuu ndiye aliyekuwa kiongozi wa Heriyetu. Aliyemtangulia hakukumbukwa na mtu, na wachache waliokumbuka walishauriwa wasahau. Alikuwa mzee sana, lakini hilo lilikuwa siri ya taifa, ingawa alitembea mchana. Sasa, akiwa ndani ya ndege anarudi kutoka mkutanoni, usingizi ukamkataa, akawashiwa filamu. Huko angani Bodi haina mamlaka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Mlezi Mkuu akatazama filamu nzima, bila kitu kunyofolewa, na akashuka uwanja wa ndege akiwa mtu mwingine.

Kesho yake aliita baraza la mawaziri.

"Ndugu zangu," alisema, "nimeona aibu. Sisi tunapiga watu wetu kishamba. Tunawapiga vichochoroni, tunawapiga ndani ya magari, bila ngoma, bila vazi, bila hata mtu wa kusema maneno mawili ya ufunguzi. Anayepigwa hajui kama shughuli imeanza au imekwisha. Wenzetu kwenye filamu wana moshi, wana baragumu, wana wazee waliovaa majoho. Anayekufa anajiona kama amealikwa. Nataka na sisi tuwe na mila."

Profesa Polikarpo Mahinya, Waziri wa Mila na Burudani, alisimama akasema mila zipo tele, ni suala la kuzifukua. Aliunda kikosi, kikaenda kuwauliza wazee mababu walipiganaje. Majibu yalikatisha tamaa. Ilionekana kwamba mababu wa Heriyetu, wakigombana, mkosaji alimpikia kunde aliyekosewa, tena na tena, mpaka yule aliyekosewa azichoke kunde, asamehe. Kulikuwa na wimbo wake pia, lakini ulihusu kunde. Waziri aliandika kwamba mila hiyo haina mvuto wa kitaifa, akapendekeza nchi iazime mila kutoka kwenye jamii za kubuni, ambazo hazina ubalozi na haziwezi kudai chochote. Ikaundwa Tume ya Taifa ya Kulinganisha Ukatili wa Heshima katika Hadithi na Filamu. Mtaalamu mmoja tu ndiye aliyepatikana nchi nzima aliyewahi kuona vitu hivyo kwa macho yake.

Mwanamvua alichukuliwa ofisini na gari lenye king'ora. Alidhani ameacha kofi mahali fulani.

*

Tume ilikaa katika ukumbi wenye mapazia mazito na chai ya maziwa. Walikuwapo mawaziri wote, kwa sababu kila wizara iliona ukatili unaihusu. Profesa Mahinya alimkaribisha mtaalamu kwa hotuba iliyopita katikati ya Ugiriki, ikazunguka kidogo kwenye falsafa, ikatua kwenye posho. Kisha akamwambia, "Mama, tueleze jamii mbalimbali za kubuni zinapigana vipi, ili tulinganishe."

Mwanamvua alivua miwani, akaifuta, akaanza kwa sauti yake ya kubembeleza.

"Kuna filamu ya mji uliojengwa ndani ya mlima. Kila mavuno, maskini mmoja anakimbizwa na mbwa kutoka alfajiri. Akifika lango la magharibi kabla ya jua kuzama, anapewa uraia."

"Hapana," alisema Waziri wa Usalama, jenerali mstaafu mwenye shingo nene. "Uraia tunawanyima tayari, bila mbwa. Na bajeti ya mbwa ililiwa."

"Ililiwa na mbwa?" aliuliza Profesa.

"Haikuliwa na mbwa."

Mwanamvua akaendelea. "Kuna kitabu cha watu wenye mbawa. Mjumbe wa baraza lao akisema uongo, wenzake wanamzunguka na kumng'oa manyoya, kila mmoja unyoya wake, mpaka asiweze tena kuruka."

Waziri wa Fedha alikohoa, akasema kwamba kitabu hicho kimeandikwa kwa chuki.

"Kuna kingine cha nchi ya ukungu. Mvua ikikataa, wanamchukua mtoto wa kwanza wa kiongozi..."

"Wetu wanasoma nje," walisema mawaziri watatu kwa pamoja, na mama akahamia hadithi nyingine.

Akawaeleza habari za watu wa jangwani, ambao wagomvi wao hukaa wakitazamana, kila mmoja na kikombe chake cha chai, kimoja kina sumu, na wanaongea mpaka mmoja asinzie. Mawaziri wakatazama vikombe vyao, wakaacha kunywa. Akawaeleza habari za kisiwa ambako kila mtu mzima hupigwa kofi moja tu maishani mwake, hadharani, na hajui litakuja lini wala kutoka kwa nani. Waziri wa Usalama alisema hilo ni uzembe.

"Sasa mama," alisema Profesa, "wewe umeviona vyote hivi kwa miaka. Ukivilinganisha, tofauti ni nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Mwanamvua swali hilo. Alifikiri kwa makini, maana alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa.

"Vitabu vinatoa sababu," alisema. "Mvua, miungu, kiapo cha zamani. Filamu hazina muda wa sababu, zinatoa ngoma na mahali pazuri pa kukaa. Lakini penye vitabu na penye filamu, waliotunga sheria wanakaa juu, kivulini, na yule wa chini anaambiwa kwamba amepewa heshima."

"Hapo penye heshima pametulia," alisema Profesa Mahinya, akaandika.

Wakati huo mlango wa nyuma ulifunguliwa, Mlezi Mkuu akaingia akiwa ameshikwa viwiko na wasaidizi wawili waliojifanya wanamsalimia. Wote walisimama. Hakutaka kusikia ulinganisho. Alitaka ile ya kwenye ndege.

"Ile ya mfalme," alisema. "Anachora duara kwa majivu. Kila mwaka mtu mmoja anatoka kwenye umati kumkabili kwa rungu. Mfalme anapigana mwenyewe. Anashinda, yule mtu anakufa, watu wanalia. Unaijua?"

Mwanamvua aliijua vizuri. Kwa wananchi alikuwa ameibakisha dakika chache, mfalme akichora duara kisha akila embe.

"Ninaijua, baba."

"Tutafanya hiyo. Mimi nitaingia duarani."

Mawaziri wote walijua kwamba Mlezi Mkuu hawezi kufunga kifungo cha shati lake. Lakini kwa miaka mingi walikuwa wamemwambia ana nguvu za simba, na haikuwezekana kubadili taarifa hiyo ghafla bila kuvunja mawasiliano ya serikali. Wakapiga makofi. Profesa Mahinya alipiga mpaka saa yake ikafunguka.

*

Ikabaki kumpata mshindani. Tangazo lilitolewa redioni kualika wananchi wajitokeze kwa hiari, na kwa wiki nzima wananchi walijitokeza kwa wingi kwenda kuwatembelea ndugu zao wa mbali. Ndipo Waziri wa Usalama akasema ofisi yake ina jina.

"Mtu huyu," alisoma mbele ya Tume, "alisema hadharani kwamba picha mpya ya Mlezi Mkuu ina nywele changa kuliko picha ya zamani. Alisema wino huo anaujua, unauzwa kwenye kopo jekundu. Ni kinyozi. Anaitwa Hiza Shemdoe."

Mwanamvua alikuwa amekaa mwisho wa meza. Uso wake ulibaki vilevile, kwa kuwa ulikuwa uso uliozoea kutazama mambo mabaya bila kuonyesha kitu.

Profesa Mahinya alimgeukia kwa furaha ya kweli. "Ni mzee wako huyo? Bahati iliyoje. Utaalamu unabaki nyumbani."

"Atashindwa, bila shaka," alisema Waziri wa Usalama. "Ili ashindwe vizuri, tutamchukua siku chache kabla. Vijana wangu watamlegeza. Mikono, magoti, mbavu za upande mmoja. Siku yenyewe ataweza kusimama, hakuna zaidi ya hapo."

Mwanamvua aliyajua magari ya vijana hao na aliwajua waliorudi kutoka humo. Jirani yao mmoja alilegezwa hivyo, na hadi leo analishwa uji. Akasikia mikono yake inatafuta kitambaa cha kufuma, haikikuti. Alijua akilia watamtoa nje, akiomba watamhurumia kwa maneno na kuendelea. Basi akaomba ruhusa aeleze jambo dogo la kitaalamu, mbele ya Mlezi Mkuu mwenyewe, ambaye siku hiyo alikuwapo na alikuwa macho.

"Baba," alisema, "katika hadithi ile kuna kifungu. Mgongo wa mfalme ukigusa majivu, aliyemwangusha anakaa kwenye kiti chake, palepale, na majeshi yanamsalimia. Na yeyote mwingine atakayevuka majivu, hata kama ni tabibu, naye anahesabiwa mshindani. Nilikuwa nauliza kama tukiondoe."

Mawaziri wakatazama kiti cha Mlezi Mkuu.

"Kiondolewe," alisema Waziri wa Usalama.

Mlezi Mkuu alinyanyua kidole. "Nani amesema kuondoa? Maisha yangu yote nimeonyeshwa filamu zenye matundu. Mfalme anayepigana bila kuhatarisha kiti chake ni mcheza ngoma tu. Hakuna kuondoa kitu."

Basi kifungu kikabaki, kikapitishwa na bunge kwa kauli moja, kama vifungu vyote vya Heriyetu. Na kuanzia jioni hiyo hakuna kijana wa Waziri wa Usalama aliyethubutu kumgusa Hiza Shemdoe, maana hakuna mtu anayependa kukumbukwa na Mlezi Mkuu mpya kwa jambo la mbavu.

Alipomweleza mumewe usiku ule ule, Hiza aliacha kula.

"Yaani umeniokoa kwa polisi ukanipeleka ikulu," alisema.

"Nilikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja, Hiza. Hiyo ndiyo iliyokuja."

"Nikianguka nakufa. Nisipoanguka nakuwa yeye."

"Ndiyo."

"Sasa hapo pabaya zaidi ni wapi?" aliuliza, na Mwanamvua akaona kwamba hakuwa anatania.

*

Siku zilizofuata kibanda cha Hiza hakikupumua. Wa kwanza kuja alikuwa Waziri wa Fedha, amevaa kofia ya kuficha uso na kuletwa na msafara wa magari. Akakaa kwenye kiti, akafungwa kitambaa shingoni.

"Punguza pembeni," alisema. Kisha, wembe ukiwa karibu na sikio, akasema taratibu, "Bwana Hiza, mimi nimekuwa nikikufuatilia. Una sura ya uongozi. Ikitokea umeteleza ukashinda, wizara yangu inahitaji mtu mwenye uzoefu. Mtu kama mimi."

Aliyefuata alikuwa Waziri wa Ardhi, ambaye alikuwa na upara na hakuhitaji kunyolewa. Alipakwa spiriti na poda, akashukuru. Akafuata Jaji Mkuu. Kila mmoja alimwambia kinyozi ashinde kama akiweza, na kama hakuweza, asimtaje. Waziri wa Usalama alikuja mwisho, akakaa, akatoa shingo yake nene mbele ya wembe bila kusema lolote, na Hiza akaelewa kwamba hiyo ndiyo ilikuwa hotuba.

Watu wa kawaida walipita nje wakiangalia. Wale waliokuwa wateja wake tangu zamani hawakupata nafasi, nywele zikawaota. Muuza ndizi wa jirani, mama Chiku, alimwuliza kama akiingia ikulu ataweza kuwaondoa mgambo pale sokoni. Hiza akajibu hajui. Mama Chiku akamwangalia kwa huzuni, akasema, "Bado hujaingia na umeshaanza kujibu kama wao."

Neno hilo lilimkaa. Usiku alimwambia mkewe kwamba hataki kufa wala hataki kile kiti, na kwamba akiingia duarani atasimama tu, hatanyanyua rungu, litakalotokea litokee. Mwanamvua alimkatia kucha za vidole, kama vile mtu anavyomwandaa mwenziwe kwa safari.

*

Uwanja wa taifa ulijaa tangu asubuhi. Shule zilifungwa ili watoto wakaone mila yao ya kale, iliyokuwa na umri wa miezi miwili. Kulikuwa na moshi, ulioletwa kwa kuchoma matairi nyuma ya jukwaa. Kulikuwa na baragumu. Wazee kumi walivishwa majoho ya kwaya ya kanisa, wakaambiwa wawe na uso wa hekima. Katikati ya uwanja, mchoraji mistari ya mpira alichora duara kwa majivu ya mkaa.

Mlezi Mkuu aliingia amevaa deraya, vazi la vita la bati. Ilitengenezwa na mafundi wa masanduku ya bati, ikapakwa rangi ya dhahabu, na kifuani bado palikuwa na mahali pa kufuli. Alitembea polepole sana, watu wakadhani ni madaha. Hiza aliingia upande wa pili amevaa shati lake la kazini. Wote wawili walipewa marungu ya mpingo, wakasimama ndani ya duara wakitazamana, na jua likiwa utosini.

Hapo Profesa Mahinya alishika kipaza sauti.

"Mila," alisema, "ni nini mila? Ili tujibu swali hili, hatuna budi kwanza kuuliza, ni nini swali?"

Aliongea kwa kirefu. Alipomaliza alimkaribisha Waziri wa Ardhi, naye akamkaribisha mkuu wa itifaki, ambaye alitambua uwepo wa wageni, mmoja mmoja, kwa vyeo vyao. Ndani ya duara bati lilianza kuchemka. Hiza aliona jasho likimtiririka mzee kutoka kwenye nywele zake, jasho jeusi, likamfika kidevuni. Aliona macho yake yanapinduka. Rungu la mpingo likamtoka mkononi.

Mlezi Mkuu akaanza kuanguka kinyumenyume.

Hiza hakufikiri. Kazi yake ilikuwa kushika vichwa vya watu wasivitikise, na mikono yake ilikwenda yenyewe. Alitupa rungu lake, akamdaka mzee kwapani, mgongo ukiwa bado juu ya majivu kwa kiasi cha kiganja, akamvuta juu, akamkumbatia.

Kisha redio ikasikika, mtangazaji akipiga kelele kutoka kwenye kibanda chake: "Wamekabana, wapenzi wasikilizaji. Wamekabana hasa. Mlezi Mkuu amemng'ang'ania kinyozi, kinyozi hafurukuti."

"Nishike," alisema mzee kwa sauti ya ndani kabisa. "Usiniachie."

"Nimekushika, mzee."

"Wanatazama?"

"Wote."

"Mawaziri wangu wanafanya nini?"

Hiza aligeuza kichwa kidogo. Mawaziri walikuwa wamesimama ukingoni mwa majivu, viatu vyao vyote vikiwa nje ya mstari. Hakuna aliyevuka. Walikuwa wakiita kwa pamoja, wakipunga mikono, "Mwachie. Mwachie." Neno hilo lilikuwa zuri, kwa sababu kesho yake mtu angeweza kueleza kwamba alikuwa akimtetea mzee asiumizwe. Leo lilikuwa na maana nyingine, na Waziri wa Usalama ndiye aliyelitamka kwa nguvu zaidi.

"Wanasema nikuachie," alisema Hiza.

Mlezi Mkuu alipumua kwa shida ndani ya bati lake. "Wewe ni nani?"

"Kinyozi. Yule wa nywele."

"Ukiniachia unakuwa mimi."

"Kama kuwa wewe ndiyo hivi, mzee, sitaki."

Wakaendelea kusimama. Jua halikuwa na haraka. Bendi ya jeshi, kwa kukosa amri nyingine, ilirudia wimbo wa taifa, na kila uliporudiwa watu wote walisimama, wakakaa, wakasimama. Kutoka jukwaani, mahali walipowekwa wataalamu, Mwanamvua aliona mabega ya mumewe yanashuka, akajua hana muda mrefu.

Alinyanyuka. Alichukua kiti cha plastiki alichokuwa amekalia, akachukua na chupa ya maji ya Profesa Mahinya, akashuka ngazi, akakatiza uwanja mzima watu wakimtazama. Kwenye mstari wa majivu mkuu wa itifaki alimkumbusha kwamba akivuka anakuwa mshindani, na mshindani anaweza kuuawa.

"Najua, baba. Kifungu hicho nilikileta mimi," alisema, akavuka.

Aliweka kiti. Wakamkalisha mzee taratibu, mgongo wake ukaegemea plastiki. Mwanamvua akamfungua deraya pale penye mahali pa kufuli, akamnywesha maji, akavua mtandio wake kumpepea. Hiza alikaa chini kwenye majivu, mikono ikiwa imemlalia mapajani kama si yake.

Profesa Mahinya alikuja mpaka mstarini na kipaza sauti chake, akakinyoosha kwa mkono mrefu ili asivuke. "Mtaalamu," alisema, na sauti yake ikasambaa uwanja mzima, "mfalme amekaa, kinyozi amekaa, na wewe ndiye uliyebaki umesimama. Hadithi inasemaje? Nani ameshinda?"

Hadithi haikusema. Hakuna filamu wala kitabu alichowahi kutazama kilichokuwa na kiti cha plastiki. Lakini watu wote wa Heriyetu walikuwa wakimsubiri, na mzee alikuwa ameushika mkono wake kwa nguvu asizozitarajia. Maisha yake yote ya kazi Mwanamvua alikuwa akipunguza. Siku hiyo aliongeza.

"Ikifika hapa," alisema, "watu wanarudi nyumbani kula. Inaandikwa kwamba mfalme na mtu wake wameshindwa kuumizana, na kwamba hiyo ndiyo dalili ya mwaka mzuri."

Watu walikuwa na njaa. Wakaondoka.

*

Gazeti la serikali la kesho yake liliandika: MLEZI MKUU AMSHINDA MPINZANI KWA KUMKUMBATIA. Picha ilionyesha bati likimeta na nyuma yake kichwa cha Hiza, kimefunikwa na bega. Bunge likapitisha Siku ya Kushikana, itakayoadhimishwa kila mwaka, ambapo mwananchi mmoja atachaguliwa kwa heshima kubwa kumshikilia Mlezi Mkuu asianguke, kuanzia hotuba ya kwanza hadi ya mwisho. Tayari watu wanatembelea ndugu zao wa mbali.

Mawaziri waliosema "Mwachie" walieleza, mmoja mmoja, walichokusudia. Mlezi Mkuu aliwasikiliza wote kwa upole, akawateua mabalozi katika nchi zenye baridi. Waziri wa Usalama alipelekwa kwenye ile baridi kuliko zote. Mwanamvua alistaafishwa kwa manufaa ya umma, kwa kosa la kuvuka majivu bila kibali cha maandishi, akapewa saa ya ukutani. Ukatili wa heshima ukaishia hapo. Polisi walirudi kwenye kipigo cha kawaida, kisicho na ngoma, na wananchi, kusema kweli, walijisikia wamerudi nyumbani.

Hiza alikaa siku nyingi mikono ikiuma, hawezi kushika mashine. Mkewe alimkanda kwa maji ya moto. Jioni moja, wakiwa mezani, alijaribu kumega tonge mwenyewe, akaweza. Alitafuna kimya kimya, naye hakuwa mtu wa kukaa kimya.

"Unawaza nini?" Mwanamvua aliuliza.

"Nawaza uzito wake."

"Alikuwa mzito?"

"Ndilo nawaza. Ukitoa lile bati, hana kitu. Nimemshika mchana kutwa, nimemshika vizuri, najua. Ni mwepesi kama kikapu kitupu. Miaka yote hii nilidhani ni mtu mzito sana."

Mwanamvua aliweka kijiko chini. Alitazama dirisha, akatazama mlango, akamtazama mumewe aliyekuwa akimega tonge la pili.

"Hilo umemwambia nani mwingine?"

"Bado sijamwambia mtu," alisema Hiza. "Kibanda nafungua kesho."